Majina ya Namba Kubwa: Laki, Milioni na Hesabu ya Watu

Makala haya yanahusu majina ya namba kubwa katika Kiswahili: yalikotoka, yalivyopangika, na mahali yanapoweza kumpotosha msomaji. Badala ya kuanza na kanuni, tumeona yafaa tuanze na mahali pamoja na namba moja. Mahali ni Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam (wala si ule wa Unguja). Namba ni 61,741,120, yaani idadi ya watu waliohesabiwa nchini Tanzania katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022.

Namba hiyo ilitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022. Ndani yake wamo watu 59,851,347 wa Tanzania Bara na 1,889,773 wa Zanzibar. Pengine hakuna namba nyingine iliyo mali ya Watanzania wengi zaidi kuliko hii, kwa kuwa kila aliyehesabiwa ni sehemu yake. Hata hivyo, tukiwaomba watu wawili waisome kwa sauti, yamkini hatutapata usomaji mmoja. Wa kwanza atasema: "milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini." Wa pili atasema: "milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini." Wote wawili wamesema kweli. Lakini wamepita njia mbili tofauti, na njia hizo zina historia.

1. Uwanja wa katikati

Anayetoka katikati ya jiji kwenda Kariakoo kwa miguu hukatiza Mnazi Mmoja. Nyuma yake huacha mitaa iliyojulikana zamani kama Uhindini, na mbele yake hukuta mitaa ya Kariakoo, jina ambalo lenyewe ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Uwanja huo haukubaki wazi kwa bahati. Chini ya utawala wa Waingereza uliachwa makusudi kuwa ukanda mtupu wa kutenga makazi ya Wahindi na makazi ya Waafrika. Leo tunaukumbuka zaidi kwa mnara wake wa Mwenge wa Uhuru, na kwa kuwa jirani wa Mtaa wa Lumumba, ambako chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Ukanda huo uliweza kutenga nyumba, lakini haukuweza kutenga maneno. Mwenye duka na mnunuzi hawana budi kuelewana kuhusu bei, na bei ni namba. Kiswahili cha biashara kimejaa maneno yaliyotoka Bara Hindi: pesa, rupia, hundi, bepari, na laki. Neno laki, lenye maana ya mia moja elfu, ndilo linalotuhusu hapa.

Yafaa tuseme mapema kwamba laki haikuzaliwa Dar es Salaam. Ilikuwako pwani kabla mji huu haujakua. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha ya Zanzibar, na vitabu vya wafanyabiashara wa Kihindi vilikuwa na hesabu za pembe, karafuu na mikopo ya misafara. Penye hesabu kubwa hapana budi pawe na jina la hesabu kubwa. Ila Kariakoo ndiko tunakoweza kuona hadi leo jinsi neno hili lilivyotia mizizi. Muuzaji wa vitenge hasemi "mia mbili na hamsini elfu". Husema "laki mbili na nusu", na mnunuzi huelewa bila kuuliza.

2. Ngazi iliyojengwa na mafundi wengi

Tukizipanga namba zetu kuanzia chini, tunaona historia ya pwani nzima. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka Kiarabu, na ndivyo yalivyo makumi kuanzia ishirini hadi tisini, pamoja na mia na elfu. Tisa ilikuwa na mwenziwe wa kale, kenda, na elfu ilikuwa na mwenziwe, kikwi, ambaye sasa hukutwa zaidi katika tungo na kamusi. Laki imetoka Bara Hindi. Milioni, bilioni na trilioni zimetoka Ulaya. Kila kidato cha ngazi kimeletwa na jahazi lake.

Hakuna ubaya katika jambo hilo. Tatizo ni kwamba vidato hivyo havikukatwa kwa kipimo kimoja. Katika hesabu ya Kihindi, baada ya elfu namba hupanda kwa hatua za mia: elfu mia moja ni laki, na laki mia moja zina jina lake tena. Ndiyo maana Mhindi huandika laki moja hivi: 1,00,000. Katika hesabu ya Kizungu, namba hupanda kwa hatua za elfu: elfu mara elfu ni milioni, na mkato huwekwa kila baada ya tarakimu tatu. Kiswahili kiliazima kidato kimoja cha Wahindi, laki, kikaiacha ngazi yao; juu yake kikaweka milioni ya Wazungu. Matokeo yake, laki zetu huishia tisa. Zikifika kumi hubadilika jina na kuwa milioni moja.

Sasa tutazame tena 61,741,120. Mkato unaonyesha mafungu matatu: 61, 741 na 120. Lakini msomaji wetu wa kwanza analipasua fungu la kati: 7 inakwenda kwa laki na 41 inakwenda kwa elfu. Sikio linasikia mpaka ambao jicho halioni. Mtu mzima aliyezoea hapati taabu. Lakini mwanafunzi anayeandika imla ya namba akisikia "laki saba na elfu nne" huweza kuandika 74,000 au 740,000, maana hakuna alama kwenye karatasi inayomwonyesha kwamba kati ya 7 na 4 sharti pawepo sufuri. Mwalimu hukasirika na kudhani mtoto hajui hesabu. Kumbe mtoto amekwama mahali ambapo ngazi mbili zimeunganishwa, na hakuna aliyemwambia kwamba ni mbili.

3. Kiunganishi "na"

Hatari ya pili haikutoka ng'ambo. Imo katika sarufi yetu wenyewe. Kiswahili hutanguliza jina la kundi, kisha hesabu ya makundi: elfu tano, laki mbili, milioni sitini. Vilevile hutumia "na" kwa kujumlisha: kumi na tano. Mambo hayo mawili yakikutana, maana huweza kugawanyika. "Elfu kumi na tano" ni 15,000 kwa wengi wetu. Lakini mtu akidai kwamba ni elfu kumi, na tano, yaani 10,005, hatuwezi kumwambia kwamba amevunja kanuni ya lugha. Kadhalika "milioni sitini na moja" yaweza kuwa 61,000,000, na yaweza pia kuwa 60,000,001.

Katika mazungumzo, kituo cha pumzi huondoa shaka. Katika hati ya mauziano, hukumu au hundi, pumzi haiandikwi. Ndiyo sababu wengine hugeuza mpangilio na kusema "kumi na tano elfu", wakitanguliza hesabu mbele ya kundi. Mtindo huo ni halali na una faida, lakini nao unatatiza pale namba inapokuwa ndefu, kwa kuwa msikilizaji hulazimika kusubiri hadi mwisho ajue anahesabiwa nini. Njia nyepesi zaidi ni kuuheshimu mkato: "elfu kumi na tano" bila mkato iwe 15,000 daima, na "elfu kumi, na tano" iwe 10,005. Mkato mmoja una thamani ya shilingi 4,995 katika mfano huu, na zaidi ya hapo katika hesabu za Serikali.

4. Jina moja, namba mbili

Hatari ya tatu inawahusu hasa wafasiri. Katika Kiingereza cha Marekani bilioni ilikuwa milioni elfu moja, yaani 1,000,000,000. Katika Kiingereza cha Uingereza neno hilohilo lilikuwa milioni mara milioni, yaani 1,000,000,000,000. Mwaka 1974 serikali ya Uingereza ilitangaza Bungeni kwamba katika takwimu zake itafuata maana ya Kimarekani. Basi, mfasiri akikuta bilioni katika kitabu cha Kiingereza kilichochapwa Uingereza kabla ya mwaka huo, hana budi kwanza kuuliza ni bilioni ipi.

Kwa Kifaransa mambo ni mengine. Tangu mwaka 1961 Ufaransa imeshika rasmi mpangilio mrefu: milioni elfu moja huitwa milliard, na neno billion ni milioni mara milioni. Kiarabu nacho kina milyar kwa milioni elfu moja. Zamani tungeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya mbali. Leo sivyo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya hiyo tangu mwaka 2021. Hati inayoandikwa kwa Kifaransa Kinshasa huweza kufasiriwa kwa Kiswahili ili isomwe Dar es Salaam. Mfasiri anayefuata sauti badala ya maana ataandika bilioni mahali pa trilioni, na kosa lake litakuwa mara elfu moja. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35; Mfaransa angeiita billions 49.35, na wote wawili wangekuwa sahihi.

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kuona jina likibaki na thamani ikiondoka. Thumuni, kwa asili yake ya Kiarabu, ni sehemu moja ya nane. Lakini hapa kwetu sarafu ya senti hamsini, ambayo ni nusu ya shilingi, iliitwa thumuni, na hakuna aliyedai arudishiwe tofauti. Mitaani majina mapya yanaendelea kuzaliwa: jero kwa shilingi mia tano, buku kwa elfu moja, na noti nyekundu ya elfu kumi ikaitwa msimbazi, kwa jina la mtaa wa Kariakoo na rangi ya klabu yake. Hatuyaiti makosa. Yanafanya kazi yake vizuri pale yanapofahamika. Istilahi hutofautiana nayo kwa jambo moja tu: haina budi kufahamika vilevile na mtu asiyekuwapo.

5. Sifa za namba ya sensa

Baada ya jina, tuitazame namba yenyewe. Mwaka 1967 ndio mwaka ambao Bunge lilitunga Sheria Na. 27 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, na ndio mwaka ambao siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi, hisabati ilihitaji maneno. Namba ya sensa inatuwezesha kuyapima maneno hayo.

Kwanza, 61,741,120 ni namba shufwa, maana inagawanyika kwa mbili bila baki. Kinyume chake ni namba witiri. Maneno haya mawili yametoka Kiarabu, na hayakuwa mageni pwani: sala ya witiri baada ya Isha hujulikana hivyo kwa sababu rakaa zake si shufwa. Waliounda istilahi walichukua jozi iliyokuwa msikitini, wakaiweka darasani.

Pili, namba hii inaweza kuchambuliwa katika vigawo vyake. Tukigawa kwa 2 mara sita mfululizo, tunapata 964,705. Tukigawa kwa 5 tunapata 192,941. Kwa 7, 27,563. Kwa 43, tunabaki na 641, ambayo haigawanyiki tena. Basi idadi ya Watanzania wa mwaka 2022 ni 64 × 5 × 7 × 43 × 641. Haigawanyiki kwa 3, kwa sababu jumla ya tarakimu zake ni 22. Ina vigawo 112 kwa jumla, ukihesabu 1 na namba yenyewe.

Hiyo 64 ingalimfurahisha mwenye duka wa zamani. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani rupia moja ilikuwa pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipogawanywa upya kuwa heller 100. Sitini na nne hukatwa nusu mara sita bila kubaki kipande: nusu ni pesa 32, robo ni 16, thumuni ni 8. Kwa mtu anayehesabu kichwani hilo ni jambo kubwa. Mia moja hukatwa nusu mara mbili tu, kisha mtu hulazimika kutumia sehemu.

Tatu, namba 2, 5, 7, 43 na 641 huitwa namba tasa, yaani namba zenye vigawo viwili tu: 1 na namba yenyewe. Waarabu na Wazungu waliziita namba "za kwanza". Kiswahili hakikufuata, kilichukua neno linalotumika kwa mnyama au mwanamke asiyezaa. Sura yake ni kwamba ukiigawa namba hiyo, haitoi kitu. Istilahi hii imekubalika na inashikika kwa urahisi, lakini tukiikagua tunaona kwamba inaonyesha upande mmoja na kuficha wa pili. Kwa kugawanya, namba tasa hazizai. Kwa kuzidisha, hakuna namba kubwa kuliko 1 isiyotokana nazo. Tumeona hapa tasa tano zikizaa taifa zima. Mwalimu akilieleza hilo, wanafunzi hawatalisahau. Asipolieleza, jina litawafundisha nusu ya somo.

Na 1 je? Ina kigawo kimoja tu, hivyo si tasa. Wala haizai kwa kuzidishwa. Wanahisabati wengi wa zamani waliihesabu miongoni mwa namba tasa, hadi ilipokubalika kuiweka peke yake ili kila namba iwe na uchambuzi mmoja tu. Imesimama peke yake kama mnazi wa jina la uwanja wetu.

Ile 641 ina sifa yake katika historia. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliandika kwamba anaamini namba za aina fulani zote ni tasa, ikiwamo 4,294,967,297. Mnamo 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba namba hiyo inagawanyika kwa 641, na jawabu ni 6,700,417. Kwa miaka 92 namba hiyo ilibeba jina lisilo lake, kwa sababu aliyeipa alikuwa mtu wa kuaminika. Kwamba 641 imo pia katika hesabu ya watu wetu ni sadfa tupu, wala hatutaki kuitafutia siri. Lakini ni funzo kwa watu wa istilahi: jina halithibitishwi na heshima ya aliyelitoa, bali na kukaguliwa.

6. Yanayopendekezwa

Wako wanaoona kwamba laki iondolewe katika maandishi rasmi kwa kuwa hailingani na mikato ya kimataifa. Hatukubaliani nao. Neno linalotumiwa na mnunuzi na muuzaji wa Kariakoo kila siku haliondolewi kwa waraka. Likiondolewa katika hati za Serikali, litakaloondoka ni ufahamu wa raia juu ya hati hizo. Tunapendekeza mambo manne. Laki ibaki, na walimu wafundishe wazi kwamba inalipasua fungu la tarakimu tatu. Katika hati, kila kundi lifuatwe na mkato, na "na" itumike ndani ya kundi. Bilioni iwe milioni elfu moja daima, na mfasiri wa Kifaransa au Kiarabu ahesabu sufuri kabla ya kuandika jina. Mwisho, kiasi chochote cha fedha kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno pamoja.

Tumalizie na namba yetu. Kama karani mmoja wa sensa angalihesabu mtoto mmoja zaidi, jumla ingalikuwa 61,741,121. Isingalikuwa shufwa tena bali witiri. Wala 5, wala 7, wala 43, wala 641 isingaliigawanya, kwa sababu namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Sifa zote tulizozieleza zingaliondoka kwa pamoja kwa ajili ya mtoto mmoja. Anayeandika namba kubwa kwa Kiswahili aikumbuke hiyo moja ya mwisho, maana ni mtu, naye ana haki ya kuisoma namba aliyomo na kuielewa.